Tairi Hufia Ubavuni: Majibu kwa Wapanda Baiskeli wa Goma, na Wengine Walioandika kutoka Mbali

Mvua za Septemba zimerudi, na barua nazo zimerudi. Wengi mnaniuliza jina la tairi, kama vile kuna moja iliyobarikiwa kuliko zote. Majina sitayataja. Nitawauliza njia mnayopita kila siku, kisha tuanzie hapo.

*Yaya, mimi ni mwanafunzi, nakaa Himbi. Nilinunua kinga (baiskeli) ya milima ya mitumba, ukubwa wa 29, tairi zake nyembamba na laini. Kwa miezi miwili zimepasuka mara tatu, na mara zote ni pembeni, hazipasuki chini. Fundi ananiambia niongeze upepo tu. Ni kweli?*

Mdogo wangu, fundi wako ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayokugharimu.

Msumari na mwiba hutoboa tairi chini, pale inapokanyaga. Makoro yetu, haya mawe ya lava, yana tabia nyingine. Lava ya Nyiragongo, volkano yetu, hutoka ikiwa nyepesi, inatiririka haraka, na ikipoa inabaki imejaa vitundu vilivyoachwa na gesi. Jiwe la namna hiyo likivunjika, kila kitundu kinaacha ukingo mwembamba kama wa chupa iliyovunjwa. Barabara iliyokanyagwa na magari miaka mingi mawe yake huwa yamechakaa kidogo. Lakini wakimwaga kokoto mpya kuziba mashimo, umerudishiwa visu. Usifikiri ni shida ya mitaa iliyofunikwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002 peke yake, ile iliyopita katikati ya mji hadi ziwani. Mji huu wote umekaa juu ya lava za zamani zaidi, Himbi ikiwemo.

Sasa tazama tairi yako inavyokwenda. Ukiikalia, inabonyea chini na kutanuka ubavuni. Upepo ukipungua, ubavu unatokeza zaidi na kujipeleka wenyewe kwenye jiwe. Hapo fundi yuko sahihi. Ila ukiijaza mpaka iwe ngumu kama mti, haishiki tena juu ya jiwe: inaruka, inateleza, inaangukia katikati ya mawe mawili, na ubavu ndio unaopokea kipigo. Kwa hiyo unapasuka ukiwa na upepo mdogo, na unapasuka ukiwa na upepo mwingi. Nimeyapitia yote mawili kwenye barabara moja, wiki moja.

Dawa yako ya kwanza ni ubavu mnene. Kwenye tairi nyingi za milima kuna namba ya nyuzi kwa kila inchi. Ukiona 120, nyuzi ni nyembamba sana, tairi ni nyepesi na inaburudisha, lakini imefikiriwa kwa watu wanaoshindana kwenye udongo laini wa msituni. Ukiona 60, unaweza kuanza kuzungumza na muuzaji. Karibu na 30 ni nzito, utaisikia kwenye mapaja ukipanda, ila inavumilia. Watengenezaji wengine huongeza kitambaa cha kinga ubavuni na kila mmoja hukipa jina lake, majina mengi ya kujisifu. Usihangaike nayo. Ubane ubavu kwa vidole viwili: ukikunjika kama karatasi ya daftari, iache. Ukikupinga kama mkanda wa suruali, lipa.

Dawa ya pili ni upana. Chukua inchi 2.25, au hata 2.4 kama fremu yako inaruhusu. Pima nafasi kati ya tairi na fremu, angalau milimita 6 kila upande, maana jiwe dogo likinasa pale litakula rangi kwanza, kisha chuma. Tairi pana hubeba hewa nyingi, kwa hiyo unaweza kuiendesha ikiwa laini kiasi bila janta (rimu ya gurudumu) kugonga jiwe.

Kisha ndipo tunafika kwenye upepo. Kama una kilo 65 au 70 hivi na unatumia tyubu, jaribu bari 2 mbele na bari 2.3 nyuma (bari ni kipimo cha upepo). Pampu nyingine husoma kwa pauni: bari moja ni pauni 14.5, basi hiyo ni kama 29 na 33. Nyuma huwa zaidi kwa sababu ndiko uzito wako ulikokaa. Ukitoboka na kukuta matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba kwenye tyubu, kama nyoka kauma, usilaumu barabara: tyubu ilibanwa kati ya jiwe na janta, ongeza upepo kidogo.

Na ukipasuka ubavu ukiwa mbali na nyumbani, kubandika tyubu peke yake hakusaidii, itatokeza kwenye mpasuko kama ulimi na kulipuka. Weka kitu kigumu kati ya tyubu na tairi: kipande cha tairi ya zamani kilichokatwa vizuri, au kipande cha mfuko wa dawa ya meno uliosafishwa. Wazungu wana desturi ya kutumia noti ya dola. Hapa kwetu usijaribu. Dola yenye mpasuko mdogo tu inakataliwa sokoni, seuze iliyosafiri ndani ya tairi mpaka Sake.

*Mukubwa, sisi wa Bukavu hatuna makoro, tuna udongo. Mvua ikinyesha Bagira, udongo mwekundu unajaa kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Nimenunua tairi pana zaidi, imekuwa mbaya zaidi. Nimekosea wapi?*

Hapo hapo, ndugu yangu, kwenye upana. Mtu akisikia matope anafikiria kitu kipana kisichozama, kama mtumbwi. Kwa kinga, mara nyingi ni kinyume. Udongo wenu ni mfinyanzi, unashika kila kitu, lakini chini yake, sentimita chache tu, kuna ardhi ngumu. Tairi nyembamba hukata tope na kwenda kuishika ile ardhi. Tairi pana huelea juu, inateleza, na huku inajivika udongo mpaka ijae kwenye fremu.

Tafuta tairi ya kati ya 1.8 na 2.0, meno marefu yaliyoachana. Ule mwachano ndio unaolipia. Meno yakibanana, udongo unakaa katikati yake na tairi yako inageuka kuwa mviringo laini wa udongo, bila jino hata moja. Yakiachana, gurudumu likishika kasi linautupa udongo, mgongoni kwako bila shaka, lakini linautupa. Punguza upepo kidogo, bari 0.2 au 0.3 chini ya kawaida yako.

Kuna jambo ambalo wageni hawaamini mpaka liwapate. Tope la mvua inayonyesha si baya sana, maji yanalisafisha. Baya ni la saa mbili baada ya mvua, jua likishatoka, udongo ukiwa kama bugali (ugali) iliyokosa maji. Huo hata tairi bora haiuwezi. Kama safari yako inaweza kungoja, ngoja ukauke kabisa, au toka wakati bado kunanyesha. Ukishindwa, shuka, beba kinga begani. Kuisukuma kwenye bugali ile ni kuijaza tu.

Ila tairi ya matope ina gharama yake. Kwenye lami inatetemeka, inaimba, na yale meno marefu hujikunja kwenye kona kama kiti chenye mguu mmoja mfupi. Yanaisha haraka pia. Kama siku nyingi unapita lami ya mjini na Bagira ni jioni tu, weka tairi ya matope mbele peke yake na ya kawaida nyuma. Gurudumu la nyuma likiteleza unashtuka. La mbele likiteleza unalala chini. Kwa sababu hiyo hiyo, siku ukinunua tairi moja mpya, ipeleke mbele, iliyochoka irudi nyuma. Wengi wanafanya kinyume kwa kuwa ya nyuma ndiyo inayoisha kwanza, wanaibadilisha hiyo hiyo na kuona wamemaliza.

*Kaka, 26 ni 26, sivyo? Nimeuziwa tairi ya 26 Birere na inacheza kwenye janta kama shati la kuazima.*

Sivyo, na pole. Hata mimi niliuziwa hivyo mwaka niliorudi kuendesha. Muuzaji aliapa kwa mama yake. Nilijaza upepo, nikakaa, nikaenda hatua ishirini, tyubu ikatoka pembeni ikalia kama bunduki, na majirani wakaingia ndani. Tangu siku hiyo sisomi inchi.

Zipo 26 za sehemu, zilizoandikwa 26 x 1 3/8, na zipo 26 za nukta, kama 26 x 1.95 au 26 x 2.125. Ya kwanza ni ya baiskeli za zamani za mjini, ya pili ndiyo ya milima. Haziingiliani hata kidogo. Geuza tairi, tafuta namba ndogo iliyoandikwa kwa milimita, kwa mfano 50-559. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye janta. Hiyo ya pili haidanganyi: 559 ni 26 ya milima, 590 ni ile ya 1 3/8. Tofauti yake ni milimita 31, ndiyo maana shati lako ni la kuazima. Baiskeli za milima za 27.5 ni 584. Za 29 ni 622, na hizo 622 ndizo zile zile zinazoitwa 700 kwenye baiskeli za mbio, kwa hiyo ukikosa tyubu ya 29, ya 700 iliyo pana inaweza kukuokoa. Na 28 kubwa ya baiskeli nyeusi za mizigo, ile ya 28 x 1 1/2, ni 635, haikubali tairi ya 29 hata ukiipaka sabuni.

Nenda sokoni na namba imeandikwa kiganjani. Muuzaji akikuambia "zinalingana tu", msalimie, uende kibanda kinachofuata.

*Papa, ninaandika kwa niaba ya mtoto wangu. Ameona kwenye simu tairi zisizo na tyubu, anasema ndizo wanazotumia wakubwa wa mchezo na hazitoboki. Anataka tuagize kutoka nje. Ni kweli hazitoboki? — Mama wa Katindo*

Mama, shikamoo kwa uvumilivu wako. Mtoto hakudanganya, ila simu haikumwambia yote.

Ndani ya tairi hizo hakuna tyubu. Tairi inabana janta yenyewe, na ndani wanamimina maji mazito yenye utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, yale maji yanakimbilia kwenye tundu, yanaganda, na safari inaendelea. Kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa, wanaendesha na upepo mdogo, hata bari 1.6, na tairi inashika ardhi vizuri mno. Kwa nchi ya miiba ni neema.

Lakini maji yale huziba tundu dogo la milimita chache. Kisu cha makoro kinafungua ubavu kama mdomo, na maji yote yanamwagika kwenye viatu. Pili, yanakauka: baada ya miezi michache, miwili katika joto, mpaka sita kwenye baridi, inabidi kuongeza. Akimaliza chupa ya kwanza, ya pili ataitoa wapi? Tatu, janta lazima iwe ya aina hiyo, au ifungwe kwa utepe maalumu, na kuikalisha tairi mara ya kwanza kunahitaji upepo wa ghafla ambao pampu ya mkono mara nyingi haiutoi. Halafu fundi wa kona, hodari kabisa wa kubandika, atakapoona ule utomvu mweupe anaweza kukataa kuigusa.

Fedha hizo hizo zinatosha tairi mbili zenye ubavu mnene, tyubu nne na pampu yenye kipimo. Mnunulie hivyo. Akikasirika, mwambie ni mimi.

*Huku Lubumbashi tuko kwenye ukame, vumbi jekundu kila mahali. Nikipita njia za pembeni kuelekea Kipushi, kwenye kona gurudumu la mbele linanikimbia. Tairi ni mpya na ina meno mengi. Tatizo nini?*

Nianze kwa kukiri kwamba vumbi letu ni jeusi na lina tabia zake. Ila kanuni ya kona ni moja.

Chini ya vumbi lenu kuna laterite, ule udongo mwekundu, iliyokauka ngumu kama sakafu, na juu yake vijiwe vidogo vya mviringo. Ni sawa na kupanda baiskeli sebuleni mtu akiwa amemwaga maharage. Meno mengi ya katikati hayasaidii kitu, hayana udongo wa kuingia. Kinachokushika kwenye kona ni meno ya pembeni, yale ya ukingoni kabisa. Yaangalie: yawe marefu na manene kuliko ya katikati, na ukiyasukuma kwa kidole gumba yasilale. Katikati meno yawe mafupi na ya karibu karibu, ili usisukume baiskeli nzito bure kwenye sehemu zilizonyooka.

Kuna tairi ambazo kati ya meno ya katikati na ya pembeni zina pengo tupu kama mfereji. Wenye ujuzi wanazipenda. Wewe ukianza kulala kwenye kona, kuna sekunde moja unapita juu ya lile pengo na hakuna kinachokushika, na nadhani hapo ndipo unapokimbiwa. Ama uilaze baiskeli zaidi bila woga mpaka meno ya pembeni yaume, ama utafute tairi ambayo meno yake yanafuatana mpaka ukingoni. Kwa mtu wa kawaida anayekwenda kazini napendekeza ya pili. Ushujaa ni wa Jumapili.

Na kama una bari 3 kwenye gurudumu la mbele, kama nilivyowakuta wengi, teremsha mpaka 1.9 kabla hujanunua chochote. Huenda ukaniandikia tena kusema hukuhitaji tairi.

*Mshale ulio ubavuni una maana yoyote, au ni pambo?*

Unaonyesha upande ambao gurudumu linazunguka. Ukiligeuza utafika tu, ila meno ya tairi nyingi yamechongwa mteremko upande mmoja ili yapande kirahisi na yaume wakati wa breki. Baadhi ya tairi zina mishale miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Funga kama ulivyoandikwa, haigharimu kitu.

*Yaya, tairi yangu ya nyuma imebaki laini kama kichwa cha mtoto. Niitupe?*

Usitupe chochote chenye mpira katika mji huu! Angalia chukudu zetu, vile vyombo vya mti vya kubebea mizigo: magurudumu ya mti, na juu yake mkanda wa tairi la gari lililokufa zamani, na bado zinabeba viazi na makaa kutoka milimani. Ya baiskeli ni nyembamba mno kwa kazi hiyo, lakini ina kazi nyingine.

Kwanza hakikisha imekufa kweli. Meno ya katikati yakiisha lakini ya pembeni yapo na nyuzi hazionekani, bado inafaa lami na barabara kavu. Ukiona nyuzi zimechungulia, au ubavu una nyufa kama udongo wa kiangazi, basi.

Kisha kata kingo zote mbili, zile zenye waya, ubaki na mkanda wa katikati. Uweke ndani ya tairi mpya, kati yake na tyubu. Itaongeza uzito na utaiona baiskeli imezubaa kidogo, lakini miiba, vioo na vipande vya waya vitahangaika. Siri iko kwenye ncha: zichonge kwa wembe mpaka ziwe nyembamba kabisa, kisha uzipishanishe. Ncha nene husugua tyubu kila mzunguko, na baada ya wiki mbili utapata tundu ambalo hakuna msumari uliolitengeneza, na fundi atakuangalia kama mchawi.

*Unatuandikia bari hivi na bari vile. Nani ana kipimo hapa Ndosho?*

Una haki. Kanuni ya kubonyeza tairi kwa kidole gumba ninaijua, ila vidole si sawa: cha mwashi huona kila tairi ni laini.

Fanya hivi. Tafuta mara moja tu mtu mwenye pampu ya kipimo. Mpe soda. Toa upepo wote kwenye tairi yako, kisha ijaze kwa pampu yako mwenyewe, ukihesabu kila pigo kwa sauti, na kila baada ya mapigo kumi pima kwa ile ya rafiki. Ukifika bari 2, andika idadi ya mapigo ndani ya fremu kwa kalamu ya wino mzito. Mbele namba yake, nyuma namba yake. Kuanzia hapo pampu yako ndiyo kipimo, mpaka ubadilishe upana wa tairi. Pampu ikianza kuchoka, ile ngozi ya ndani ikikauka, mapigo yataongezeka: itie mafuta, uhesabu upya.

Upepo hupungua wenyewe hata bila pancha, kwa sababu hewa hupita taratibu kwenye mpira wa tyubu. Basi hesabu mapigo kila Jumamosi. Na mashine ya upepo ya wale wanaojaza magari, iepuke. Tairi ya lori inachukua muda kujaa, mwenye mashine amezoea hivyo. Yako inajaa kabla hajamaliza kukusalimia. Kama huna budi, shika wewe mwenyewe bomba, gusa na kuachia, gusa na kuachia, na uso wako uwe mbali na ubavu wa tairi.